Kabla ya Kuita Wageni, Itembee Njia Yako Mvua Ikinyesha

Barua za safari hii nyingi zinatoka sehemu ambako lami haijafika. Waandishi wake wamekuja kugundua kwamba mlima au korongo wanalolipita tangu utotoni, kuna mtu wa mbali yuko tayari kulipa ili naye alipite. Nimezisoma zote. Zinazofanana nimeziunganisha, na majina sikuyaweka kwa sababu baadhi yenu mmeandika mambo ambayo jirani akiyasoma patachimbika. Nimeongoza wageni na kuchimba njia kwa sururu sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo haya ni majibu ya mtu wa sururu.

SWALI: *Shikamoo Mzee. Sisi ni kikundi cha vijana. Tuna bonde lenye maporomoko mawili na mgongo wa mlima ambao ukifika juu unaona pande zote. Tumepanga njia ya siku tatu ya kutembea kwa miguu, baadaye tuongeze baiskeli. Nembo tumeshachora, kurasa za mitandaoni tumefungua, sasa tunatafuta fedha za vibao. Njia yenyewe haina shida, ipo tangu enzi za babu zetu, imenyooka moja kwa moja hadi mtoni. Tuanze kuita wageni lini?*

Marahaba wanangu. Msiite bado.

Barua yenu ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nilipofika pale mliposema njia imenyooka hadi mtoni. Njia iliyonyooka kushuka mlima ndiyo njia ambayo maji nayo yangeichagua. Babu zenu waliipita wachache, wengi wao pekupeku, na majani yalikuwa yanapata nafasi ya kuota tena. Mkishapitisha buti za wageni msimu mzima, majani yanakufa, udongo unabaki wazi, mvua ya kwanza kubwa inauchukua. Msimu wa pili mna mfereji. Mfereji ukiwa na mawe na utelezi, watu wanapita pembeni yake, pembeni nako panakufa, na baada ya muda mna mifereji mitatu inayoonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Hapo hakuna nembo itakayowasaidia.

Wataalamu wa njia za baiskeli za milimani wana kanuni mbili ambazo hata wa miguu tunazitumia. Ya kwanza ni kanuni ya nusu: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe mahali pale. Mlima ukishuka mita 3 kwa kila mita 10, yaani asilimia 30, njia inayoukata kwa ubavu isizidi asilimia 15. Ikizidi hapo, maji yanaacha kuvuka njia na yanaanza kuifuata. Ya pili ni kwamba kwa wastani, njia nzima mwinuko wake usipite asilimia 10. Kipande kifupi kikali kinavumilika, hasa kikiwa juu ya mwamba. Kipande kirefu kikali hakivumiliki.

Najua mtaniuliza kifaa cha kupimia. Kipo, kidogo kinachoingia mfukoni, ila si lazima. Mwombeni fundi mwashi mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, pamoja na kamba ya mita 10. Mmoja asimame juu, mwingine chini, na kamba ivutwe baina yenu sawasawa na usawa wa maji yaliyo ndani ya mpira. Pimeni kutoka mwisho wa kamba upande wa bonde hadi ardhini, kisha mtoe urefu ambao mwenzenu wa juu ameishika. Ikibaki mita 1, hapo mna asilimia 10. Mtachekwa na wapita njia. Endeleeni.

Sasa njia mpya inachimbwaje? Mnakata ubavu wa mlima mpaka upana wote wa kukanyagia ukae juu ya udongo wa asili. Wengi hukata nusu, ule udongo wanaoutoa wanaumwaga ukingoni na kuukanyaga, wakadhani wamepata upana. Kile kifusi hukaa mpaka mvua, kisha kinakatika na mtu. Ukingo wa upande wa bonde uwe chini kidogo kuliko wa upande wa mlima: kwa njia ya upana wa mita 1, sentimita 5 zinatosha. Na kila baada ya mita 6 hadi 15, kutegemea udongo wenu, njia ishuke kidogo kisha ipande tena, au ipande kidogo kisha ishuke, ili maji yaliyokuwa yanaifuata yatoke hapo kwenye kibonde. Mgeni hatakiona hicho kibonde. Maji yatakiona.

Kisha mvua ikianza kukolea, ninyi badala ya kukimbilia ndani tokeni. Bebeni majembe na fungu la vijiti. Tembeeni polepole mkiangalia miguuni. Mahali maji yanapovuka njia na kwenda zake, piteni. Mahali yanapoingia njiani na kutembea nayo, fuateni mpaka yatakapotoka, mchome kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Tazameni na rangi: maji meupe yanapita tu, maji ya kahawia yameshabeba kitu chenu. Siku hiyo moja itawafundisha kuliko semina yoyote, na kwa kuwa mnaijua njia yenu, mtashangaa kuona mnavyoijua ya kiangazi peke yake.

Vibao visiwakoseshe usingizi. Mshale wa njano unaowaongoza mahujaji kuelekea Santiago de Compostela, kule Uhispania, ulianza kupakwa mwaka 1984 na padri mmoja wa parokia ya mlimani, Elías Valiña, kwa brashi na rangi. Leo ndio alama ya njia ile kila inakojulikana. Nunueni kopo la rangi. Kila njia panda iwe na alama kabla ya kukata kona, na nyingine hatua chache baada ya kona, ya kumhakikishia mtu kwamba hajapotea. Alama ya pili ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayomzuia mgeni kurudi nyuma nusu saa kwa wasiwasi.

Kuhusu siku tatu zenu, sijaona hesabu kwenye barua. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafanya kazi: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Siku ya kilomita 12 yenye kupanda mita 900 ni saa 4 kasoro dakika chache, bila kupumzika. Ongezeni mapumziko, picha, viatu vinavyobana na mgeni anayesimama kwa kila ndege, mwendo wa siku hiyo utafika jumla ya saa 6. Msipange kwa mwendo wenu wenyewe. Ninyi mnakimbia.

Baiskeli ziacheni mpaka njia ya miguu itulie. Zikija, anayeshuka amsubiri anayepanda, na mwenye baiskeli amsubiri wa miguu. Pale panapoteremka sana bila kuona mbele, wa baiskeli watengewe njia yao.

Jambo la mwisho kwenu. Nendeni wilayani mkaulize kama kuna barabara iliyopangwa kupita kwenye bonde lenu. Msicheke. Mzunguko wa Annapurna kule Nepal ulikuwa miongoni mwa safari za miguu zinazosifiwa zaidi duniani, kisha barabara za magari zikapandishwa pande zote mbili za mlima. Wenyeji walihitaji barabara na walikuwa na haki nayo. Lakini vipande vya njia ya miguu vilimezwa, ikabidi zitafutwe na kuwekewa alama njia nyingine za pembeni, na baadhi ya nyumba za wageni zilizokuwa mahali pa kulala zikawa mahali pa kupitwa na magari.

SWALI: *Mimi ni mama wa makamo. Kijijini kwetu wageni wameanza kupita, wanaletwa na kampuni ya mjini. Wanalala nyumba mbili tu, ya kiongozi wetu na ya shemeji yake. Sisi wengine tunaambulia vumbi. Juzi kuna mtu ameziba njia kwa miiba pale inapopita shambani kwake, na sasa anasemwa kila mahali kwamba anapinga maendeleo. Wewe unamwonaje?*

Namwona ana akili, mama. Pengine ana na hasira, lakini wa kwanza kukaa naye ni yeye, kabla hata ya hao wa kampuni.

Njia inayopita shambani mwa mtu inamla kitu. Inakula mstari wa mazao, inaleta watu wanaochungulia nyumba yake, na yeye ndiye atakayelaumiwa mgeni akiumwa na mbwa. Ikiwa hakuulizwa na halipwi, miiba ndiyo barua aliyoweza kuandika. Kaeni naye, njia ihamishwe ukingoni mwa shamba au alipwe kwa kila mgeni, na makubaliano yaandikwe, yasomwe mbele ya watu, yawekewe saini. Wenye mashamba wengine watakuja wenyewe wakisikia.

Kulala kwa wageni kuna dawa yake inayojulikana, nayo ni zamu. Kule Nepal kijiji cha Sirubari, kilichojijengea jina kwa kupokea wageni majumbani, mgeni hachagui nyumba: kamati ya kijiji ndiyo inayompeleka kwa zamu. Nyumba zote zinazopokea ziwe zimekaguliwa kwa kipimo kimoja, kitanda, chandarua, choo, maji, na daftari la zamu liwe moja, likae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulifunua. Daftari likikaa ndani kwa kiongozi, mmerudi mlikotoka. Kiongozi naye apate zamu yake kama wengine. Akikasirika, mjue kilichokuwa kinamsukuma.

Si kila mtu awe mwenye nyumba ya wageni. Kuna anayekodisha punda, kuna anayeuza mazao jikoni, kuna mwenye kufua, kuna kundi la kufyeka njia linalolipwa kwa siku. Hawa wa kufyeka wapewe kwanza. Nimeona vijiji vinagawana fedha yote, wakagundua mvua zilipokwisha kwamba hakuna aliyebakiza hela ya kumlipa mtu wa sururu.

Fedha ya njia itoke wapi? Itoke kwa mgeni, ionekane kwenye risiti kama kitu cha peke yake, na kampuni ya mjini ilipe kwa kichwa kabla kundi halijaanza kutembea. Nchini Uganda, katika kila kibali cha kwenda kuona sokwe wa milimani, yaani gorila, kuna dola 10 zinazotengwa kwa ajili ya jamii zinazopakana na hifadhi. Zinatosha au hazitoshi, huo ni mjadala wao, lakini kiasi kinajulikana na mtu anaweza kukiulizia kwa jina. Ninyi dai lenu likiwa "wanatakiwa watusaidie", hamtapata kitu. Likiwa ni kiasi fulani kwa kila kichwa, mna pa kushika.

Halafu itazameni njia yenyewe kwenye ramani. Kwa nini wageni wanalala kwenu na kuwapita wenzenu wa ng'ambo? Njia ndefu ya Jordan, inayoanzia Um Qais kaskazini hadi Aqaba baharini, ni zaidi ya kilomita 600 na inapita vijiji zaidi ya 50. Ile ya milima ya Lebanon, ya kilomita 470 hivi, nayo imepangwa hivyo hivyo, kijiji hadi kijiji. Mgeni analala hapa leo, kesho pengine, na fedha inatembea kwa mwendo wa miguu yake. Njia inayoanzia na kuishia kwenye geti moja lenye hoteli moja haiwezi kufanya hivyo hata wenye hoteli wangekuwa malaika.

Na usikubali, mama, mtu akikwambia uuze mbuzi uongeze vyumba. Mwaka 2020 safari za kimataifa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70 duniani kote, ndani ya miezi. Waliokuwa bado wanalima walirudi shambani. Chumba kimoja kizuri na shamba lako.

SWALI: *Nabeba mizigo ya wageni. Kuna siku nashindwa hata kugeuza shingo. Bosi anasema wageni wakiwa wengi zaidi ndipo mambo yatakaa sawa. Kuna kiwango?*

Kwenye mlima Kilimanjaro mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Chukueni kiwango hicho hicho kama dari, na kwenye njia kali au ndefu mshuke chini yake. Nunueni mzani wa kuning'iniza, utundikwe kwenye mti mahali safari inapoanzia, na mizigo ipimwe wageni wakiwepo. Hilo la wageni kuwepo ni muhimu. Mgeni akiona mshale wa mzani ukipita kiwango hicho, mara nyingi hufungua begi mwenyewe na kutoa vitu ambavyo hata yeye hakumbuki kwa nini alivibeba.

Ila bosi wako kakosea kwenye hesabu. Wageni wakizidi bila wapagazi kuongezwa, shingo yako ndiyo itakayokatika. Njia zinazoheshimika zina ukomo, na ukomo huo unawahesabu na ninyi. Njia ya Inka ya kwenda Machu Picchu, kule Peru, inaruhusu watu 500 kwa siku, na katika hao 500 wamo waongozaji na wapagazi. Kila mwezi wa Februari inafungwa kabisa ifanyiwe matengenezo. Kundi la kwenda kuona gorila kule Bwindi, Uganda, ni wageni 8, basi.

Kwenu idadi itoke wapi? Tafuteni kitu kilicho kidogo kuliko vyote njiani. Pengine ni chemchemi ya kambi ya pili, ambayo kiangazi inajaza ndoo moja kwa muda mrefu. Pengine ni choo. Pengine ni waongozaji wanaojua huduma ya kwanza, ambao mko watatu. Hicho kidogo ndicho kinachopanga idadi ya wageni, na kikishajulikana mwambieni bosi aongeze bei badala ya kuongeza vichwa.

SWALI: *Zahanati iko mbali nasi, simu haishiki bondeni. Mgeni akivunjika mguu tufanye nini?*

Mkisubiri avunjike ndipo mfikiri, mmechelewa. Andikeni karatasi moja, si kitabu. Iseme nani anabaki na majeruhi, nani anakimbia, anakimbilia wapi, mtandao unashika kwenye kilima kipi, machela iko kwa nani. Kila kipande cha njia kiwe na mahali pake pa kutokea, hata kama ni kwenye barabara ya trekta. Kisha fanyeni zoezi: mchukueni mwenzenu mzito kuliko wote, mfungeni kwenye machela, mmtoe kutoka sehemu mbaya kuliko zote. Mtajua hapo hapo kwamba watu wanne hawatoshi, inabidi mbadilishane, na kwamba kile kidaraja chenu cha gogo moja hakipitishi machela. Kila mtu awe na filimbi. Ishara ya dharura milimani ni kupiga mara 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kurudia. Karatasi ya safari, yenye majina na saa ya kutarajiwa, ibaki kijijini kwa mtu ambaye kazi yake ni kuanza kuuliza saa hiyo ikipita.

Mgeni aulizwe bima yake kabla hajalipa, na kama inagharamia kuokolewa mlimani. Nyingi hazigharamii.

Kama njia yenu inapanda juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne muwe na siku ya kutopanda. Mwenye kichwa kinachouma na kutapika hapandi tena mpaka apone. Akianza kuyumba kama mlevi au kupumua kwa shida akiwa amekaa, anateremshwa saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe amelipia kilele. Hapa huwa hapana majadiliano, na mwongozaji anayejadiliana abaki nyumbani.

KWA UFUPI

*Njiani hakuna vyoo. Tuwaambieje wageni?* Mahali pa kulala jengeni choo. Katikati ya safari, wachimbe shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na maji angalau mita 60, wafukie. Karatasi zirudi nao kwenye mfuko. Waambieni kabla ya kuanza kutembea, na kwa sauti ya kawaida.

*Watoto wetu wamezoea kuwakimbilia wageni wakiomba peremende na kalamu, tumechoka.* Wamezoeshwa. Wageni waambiwe tangu siku ya kulipa kwamba hakuna kugawa kitu njiani, anayetaka kutoa ampe mwalimu mkuu. Watoto hawachukui muda kuacha. Watu wazima ndio wenye kazi.

*Tuna mto wa kuvuka, tujenge daraja la aina gani?* Wengi mmeuliza hili na hakuna aliyenipa vipimo. Mkiandika tena nipeni upana wa mto, urefu wa kingo, na mahali maji yalipofika mwaka ule wa mafuriko makubwa. Mtamkuta mzee anayepajua. Mwambieni awaonyeshe kwa mkono, mpime kutoka hapo.